Andakoti iliyofungia maji: uchambuzi wa kizingiti kilichooza chini ya rangi mpya

Gari lilikuwa jeupe, la milango minne, na ukilitazama umesimama hukuwa na la kulilaumu. Ubavu wa kushoto ulikuwa umepigwa rangi upya mwaka mmoja na ushee kabla, baada ya kugongwa karibu na tairi la nyuma. Lakini ukichuchumaa usawa wa kizingiti, lile boksi la bati linalopita chini ya milango kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, ulikuta kasoro tatu kwa mpigo. Juu ya tao la tairi kulikuwa na malengelenge madogo madogo yaliyosongamana. Kwenye ukingo wa chini wa kizingiti kulikuwa na uvimbe mkubwa, mwingine upana wa kidole gumba. Na katikati, pale ukanda wenye chengachenga unapokutana na rangi laini, doa la kahawia lilikuwa linajipenyeza kwenye weupe na kuenea.

Mwenye gari, mama wa makamo, alikuwa na uamuzi wake tayari. "Mwanangu, rangi waliyonipigia ni feki. Na andakoti, hii ya kupaka chini ya gari, nililipia ile nzito kabisa, ili kutu isiguse."

Nikamwambia, "Mama, rangi tuiache kwanza. Niruhusu nifungue sehemu ndogo tuone chini kuna nini."

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kasoro zile tatu zilikuwa na chanzo tofauti kila moja, ingawa zote zilianzia kwenye kazi iliyofanyika kabla ya rangi kuguswa. Mafundi wengi tukiona lengelenge tunasema kutu, na tukisikia kutu tunasema ongeza andakoti. Gari hili linaonyesha andakoti nzito inavyoweza kuimaliza bodi kuliko kutopiga kabisa.

Nilianza na kipima unene wa rangi, kile kinachotumia sumaku na kusoma umbali kutoka kwenye chuma. Kwenye paa, ambako rangi ni ya kiwandani, kilisoma karibu mikroni 120 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Hiyo ni kawaida. Magari mengi yanatoka kiwandani na tabaka zote kwa jumla zikiwa kati ya mikroni 100 na 150. Juu ya tao la tairi kilivuka 1,000, maana yake chini kuna puti, ile ya kujazia mabonde ya bati. Kwenye kizingiti kilirukaruka, hapa mia tano, pale mia tisa. Kipimo hiki hakikuambii ndani kuna nini. Kinakuambia tu kwamba kuna kitu kingi, basi.

Baada ya hapo nilichukua kitambaa cheupe nikakilowesha tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, na kusugua mahali padogo palipofichika, nyuma ya tairi. Kitambaa kikatoka na weusi wa kahawia. Praima (rangi ya msingi inayotangulia) na rangi za kuchanganya na hadena (dawa ya kuzikaza), zikishakauka vizuri, haziyeyuki kwa kusuguliwa na tina. Kilichoyeyuka hapo kilikuwa andakoti ya lami, ile nyeusi ya kupaka chini ya gari, ambayo kwa asili yake haikauki ikawa ngumu kabisa. Mtu alikuwa ameipiga hadi kwenye uso wa nje wa kizingiti, kisha akapitisha rangi nyeupe juu yake.

Doa la kahawia likawa limejieleza. Vimiminika vilivyomo ndani ya rangi mbichi huilainisha lami iliyo chini, na mafuta yake hupanda taratibu hadi juu. Kwenye gari jeusi usingeliona doa hilo, ungeona nyufa tu, maana rangi ngumu iliyolala juu ya kitu laini hupasuka kila jua linapoipasha na usiku unapoipoza. Rangi haikuwa feki. Ililazwa juu ya kitu kisichoweza kuibeba.

Kuna aina tatu za andakoti ambazo watu huziita kwa jina moja, na hapo ndipo ajali nyingi zinapotokea. Ya lami ni ya tumboni mwa gari, mahali pasipopigwa rangi. Ya nta ni ya tumboni na ya ndani ya maboksi, nayo huingia baada ya kazi yote ya rangi kwisha, kwa sababu rangi haishiki juu ya nta. Ya tatu ni ya mpira au resini, iliyotengenezwa kuzuia kokoto, inayokauka na kukubali rangi juu yake. Hii ya tatu pekee ndiyo inayoruhusiwa kukaa kati ya praima na rangi kwenye uso unaoonekana. Kopo lisiposema kwamba linapakwa rangi, chukulia kwamba halipakwi.

Malengelenge ya juu ya tao yalikuwa habari nyingine. Nilitoboa moja kwa ncha ya kisu na likatoa tone la maji safi, bila chembe ya kahawia. Nikapasua kipande cha rangi: klia, ile ya juu isiyo na rangi, kisha rangi nyeupe, praima nyembamba ya kijivu, puti ya manjano, halafu bati tupu. Puti ya polista ina unga wa talki, na hunyonya maji kama sifongo. Ukiisugua kwa msasa wa maji, halafu ukapulizia kabla haijakauka moyoni, umeyafungia maji ndani. Yanayobaki si maji matupu pia. Chumvi ya jasho la mikono na vumbi la msasa huachwa pale, na chumvi iliyonaswa chini ya tabaka la rangi huvuta unyevu mwingine kutoka nje, kidogo kidogo, hadi rangi inainuka. Ndiyo maana malengelenge ya namna hii huchomoza baada ya mvua na wakati mwingine hunywea wakati wa kiangazi, mwenye gari akadhani yamepona.

Puti ile iliwekwa juu ya bati lililosagwa kwa grinda hadi likang'aa. Fundi wa zamani atakuambia puti ni lazima ishike chuma kitupu, na ni kweli inashika. Lakini bati la gari hilo lilikuwa na zinki, na grinda iliondoa yote. Zinki ina kazi mbili: huziba chuma kisikutane na hewa na maji, na ikikwaruzwa huliwa yenyewe badala ya chuma. Ukiiondoa, halafu ukaweka juu yake kitu kinachonyonya maji, umelivua bati kinga yake na kulivika nguo mbichi. Chini ya puti, bati lilikuwa limeanza kuwa na madoa ya rangi ya chungwa. Bado halijatoboka. Hapo tuliwahi.

Kwenye kizingiti hatukuwahi.

Huko ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi, na ndiko ninakotaka msomaji anifuate. Kizingiti si bati moja. Ni mabati mawili au matatu yaliyokunjwa na kuunganishwa, na katikati yake pana uwazi. Maji huingia humo na hakuna gari linaloweza kuyazuia kabisa: hupenya kwenye maungio, hutiririka kutoka kwenye kifuniko cha injini na chini ya kioo cha mbele, na mvuke hugeuka matone ndani usiku wa baridi. Waundaji wanalijua hilo, kwa hiyo huacha matundu madogo sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke na hewa ipite. Nilipitisha kidole chini ya kizingiti cha kushoto kutafuta matundu hayo. Sikupata hata moja. Kila nilipotarajia tundu, kidole kiligusa andakoti, nene, laini, iliyotandazwa vizuri.

Niliweka karai chini, nikasukuma bisibisi nyembamba mahali ambapo tundu lilipaswa kuwa. Ilipopenya, maji ya rangi ya udongo yalitoka kwa mkondo, yakaendelea kutoka, yakapungua yakawa matone, na baada ya matone yakafuata makapi ya kutu, mengine mapana kama ukucha. Siku hiyo mvua haikuwa imenyesha. Yule mama aliinama akatazama karai na hakusema kitu kwa muda, kisha akauliza, "Kumbe nilikuwa natembea na maji haya?" Alikuwa akitembea nayo tangu siku alipokabidhiwa gari likiwa linang'aa.

Sasa uvimbe wa ukingo wa chini ukaeleweka. Kutu haikutoka nje kuingia ndani, ilitoka ndani kwenda nje. Kutu huchukua nafasi kubwa zaidi, mara kadhaa, kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ndani ya maungio yaliyobanana husukuma mabati yaachane na kuinua kila kilicho juu yake. Nilipokwangua andakoti kwa skrepa ilitoka kwa vipande vipana, na upande wake wa ndani ulikuwa umebeba kutu iliyong'oka kwenye bati. Ilishikamana na kutu vizuri sana. Ila kutu yenyewe haikuwa imeshikamana na chuma.

Palikuwa na mlango wa pili wa maji. Kwenye ule mdomo wa chini, pale jeki inapokaa, bati lilikuwa limekunjwa kwa jeki lililowekwa vibaya. Andakoti ilikuwa imepasuka mstari mwembamba usioonekana bila taa. Maji yaliingia hapo na kusambaa chini ya andakoti mbali na mahali yalipoingilia, kwa sababu chini yake hapakuwa na praima ya kuyazuia. Laiti pangekuwa na praima iliyoshika bati, mpasuko ule ungebaki kidonda cha mahali pamoja.

Uamuzi wa kwanza haukuhusu rangi. Kizingiti kinabeba mzigo: kinashikilia gari lisijipinde, kinachukua nguvu ya kugongwa ubavuni, na jeki hukaa hapo. Nikigonga kwa nyundo ndogo sehemu ya nyuma ilitoa sauti butu, na bisibisi ilipenya kwa mkono. Bati lililofika hapo halitibiwi kwa puti wala kitambaa cha faiba. Linakatwa hadi kwenye chuma kizima na kuchomelewa jipya. Dawa za kugeuza kutu nazo hazina kazi mahali hapo. Zinafaa kwa kutu nyembamba iliyobaki kwenye vitundu baada ya kusafisha, na hata hivyo asidi yake ikibaki inaweza kuharibu epoksi, ile praima ya kufunga chuma, itakayofuata. Mimi nimezoea kusafisha hadi chuma kuliko kutegemea kopo.

Lami iliondolewa kwa kipulizia joto na skrepa. Kamwe kwa moto wa wazi, bomba la mafuta linapita jirani. Mabaki yakafutwa kwa kitambaa na dawa ya kuondoa grisi kabla msasa haujagusa chochote. Mpangilio huu hauna mbadala: ukipiga msasa kwanza unasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo na hutayatoa tena. Vitambaa viwili, kimoja chenye dawa kinatangulia, kingine kikavu kinafuata kabla dawa haijakauka yenyewe. Ukiiacha ikauke, uchafu unarudi ulipokuwa.

Kukata na kuchomelea nakupita haraka, ni kazi ya mnyooshaji na aliifanya vizuri. Jambo moja tu lihusulo kinga: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi na huchemka kwenye 907, na chuma huyeyuka juu sana ya hapo, kwa hiyo pembeni mwa kila mshono zinki imekwisha kuungua. Nyuso zinazokutana zilipakwa praima ya zinki inayoruhusu kuchomelea, kwa sababu baada ya kuunganishwa hakuna mkono wala bunduki itakayofika katikati yake tena.

Halafu ikaja epoksi, na hapa ndipo kinga yenyewe ilipo. Watu wengi hutaka praima ya asidi kwa sababu hukauka upesi na hung'ata chuma. Kweli hung'ata. Lakini ni nyembamba mno, mikroni chache tu, haizuii maji, haitakiwi chini ya puti, na ukipitisha epoksi juu yake asidi huvuruga ukaukaji wa epoksi. Epoksi ya sehemu mbili hushika chuma kilichosafishwa na msasa wa namba 80 hadi 120, hushika zinki, na ikikauka hufunga vizuri sana. Tulipiga mikono miwili, yaani safu mbili, jumla karibu mikroni 50, siku ileile bati lilipoachwa tupu. Bati tupu halilazwi usiku. Unyevu wa hewa peke yake unatosha kulipa ngozi ya kutu usiyoiona kwa macho.

Hali ya hewa nayo ilitulazimisha kusubiri. Asubuhi bati lilikuwa baridi na hewa nzito, na ukilipangusa kwa kitambaa kikavu lilikuwa linapata ukungu tena. Joto la bati linatakiwa lizidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji, kwa angalau nyuzi 3, vinginevyo unapulizia juu ya utando wa maji. Tulingoja hadi bati likapata joto. Kijana aliyeshika bunduki alikuwa na hamu ya kumaliza, nikamwomba aweke kiganja chake kwenye bati kwanza. Hakuuliza tena.

Puti ya tao la tairi iliwekwa juu ya epoksi iliyokauka na kukwaruzwa kwa namba 180, si chini yake. Kwa hiyo hata puti ikinyonya unyevu siku moja, kati yake na chuma pana ngao. Ilisuguliwa kavu, hakuna ndoo ya maji karibu. Sila ya maungio, ile ya kuziba mishono, pia ilipakwa juu ya epoksi, kwa brashi, ikasukumwa ndani ya mshono badala ya kulazwa juu yake. Sila iliyokaa kwenye bati tupu hubanduka upande mmoja na kugeuka mfuko wa maji.

Juu ya sehemu laini ilifuata praima ya kujazia, ile ya hadena, kisha unga mweusi wa kuonyesha mabonde, kisha msasa mkavu hadi namba 500. Hadena hizo zina aisosayanati, kemikali ambayo ikikuingia mapafuni inaweza kukuachia pumu ya maisha; barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. Sisi tunatumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na asiyepulizia hatakiwi kuwa ndani ya chumba.

Andakoti ya kokoto, ile ya kupakwa rangi, ilipigwa kwenye kizingiti na mdomo wa tao, juu ya praima. Kabla ya hapo kila tundu la maji lilizibwa kwa kijiti cha mbao kilichochongwa kikatosha, na vijiti vikachomolewa andakoti ikiwa bado mbichi. Ukingoja ikauke, kijiti kinatoka na kipande cha andakoti na kuacha ukingo uliochanika. Chengachenga zilifananishwa na upande wa kulia kwa kujaribu kwanza kwenye karatasi: shinikizo likipanda chenga zinakuwa ndogo, ukisogea karibu zinakuwa nzito. Ukingo wa juu tuliufunika kwa tepu iliyokunjwa ili mpaka uwe laini, usiwe ngazi inayonasa matope. Safu yenyewe haikuwa nene. Aliyeizoea ile ya mwanzo angesema tumepunja. Iliachwa ikauke kwa muda uliotajwa kwenye kopo, kwa sababu kimiminika kilichonaswa ndani yake huchemka na kutoboa rangi siku ya kwanza ya jua kali.

Rangi nyeupe na klia hazina la ajabu la kusimulia. Baada ya klia kukomaa ndipo nta iliingia ndani ya kizingiti, kwa mrija mrefu wenye ncha inayopulizia pande zote, mrija ukianzia mwisho na kuvutwa taratibu kurudi. Ikichuruzika kutoka kwenye matundu ya chini unajua imefika. Kisha matundu yanasafishwa kwa waya, kila moja.

Upande wa kulia haukuwa na hata lengelenge moja, na mama alitaka tuuache. Nilimwomba tuuangalie kwa kamera ya waya. Ndani palikuwa na unyevu, na matundu mawili yamezibwa na andakoti ileile, kwa kuwa fundi wa kwanza aliipiga pande zote mbili kwa nia njema. Kutu ilikuwa bado ya juujuu. Tulifungua matundu, tukapuliza hewa hadi ndani pakakauka, tukaingiza nta. Hapakuhitajika kukata popote. Tofauti kati ya pande hizi mbili ilikuwa mdomo wa jeki uliopasuka na bati lililovuliwa zinki. Zote mbili zilikuwa na maji.

Gari lilirudi kukaguliwa baada ya msimu wa mvua. Tao la tairi lilikuwa safi, kipimo kikisoma karibu na vilevile tulivyoandika siku ya kulikabidhi, na matundu yote yalipitisha waya. Kasoro moja ilikuwepo: kwenye mdomo wa chini jeki ilikuwa imetumika tena bila mpira wa kukingia, na andakoti ilikuwa imekatika urefu wa ukucha. Chini yake epoksi ya kijivu ilikuwa nzima, imekwaruzwa tu. Tulisafisha, tukapaka epoksi kwa brashi ndogo, tukaiacha ikauke, tukagusia andakoti na rangi. Mama akapewa kipande cha mpira mnene chenye mfereji katikati, akaambiwa akiweke kwenye buti pamoja na jeki.